Mwongozo kamili: wapi uweke kipimajoto chako cha nje ili kikupe joto la hewa, sio joto la ukuta

Kabla hujashika drili wala kuchimba shimo, shika kwanza hili moja: kipimajoto hakipimi hewa, kinajipima chenyewe. Sensa, yaani kile kipande kinachohisi joto, ikipigwa na jua inakwambia joto la sensa iliyopigwa na jua, ikikaa karibu na ukuta inakupa habari za ukuta, ikilowa mvua inakupa joto la kitu kilicholowa kinachokauka taratibu. Kazi yote ya kuchagua sehemu, nguzo, urefu na kinga (kile kifuniko cha kuikinga sensa na jua na mvua) ni moja tu, kuifanya ile sensa iwe na joto lilelile la hewa inayoizunguka na isipate moto wala baridi kutoka kwingine kokote.

Mimi ya kwanza niliifunga ukutani nje ya dirisha la jikoni kwa sababu hapo naiona nikiwa ndani, nikaandika namba kwenye daftari miezi na miezi. Mchana ilikuwa inapanda sana lakini nikasema sawa, ni msimu wa joto. Kilichonishtua ni usiku. Saa nne usiku nyasi zishaanza kulowa umande, mimi mwenyewe nimevaa sweta, afu kipimajoto bado kinasoma 28. Nikatoka nje nikasogeza kiganja karibu na ukuta bila kuugusa, nikasikia joto linanijia kama nimekaa karibu na jiko lililozimwa muda si mrefu. Ukuta ulikula jua mchana kutwa na sasa ulikuwa unalitema, na sensa yangu ilikuwa imeshikamana nao. Daftari lile lote ni rekodi ya ukuta, na huwezi kulirekebisha kwa kutoa nyuzi mbili tatu kwa sababu kosa lenyewe linabadilika kila saa na kila siku kutegemea jua, mawingu na upepo. Ndo maana naandika haya kwa urefu, sehemu ukiikosea mwanzoni data haiokoleki.

Na sio sisi wa nyumbani tu. Kwa miaka 90 rekodi ya joto kali kuliko yote duniani ilikuwa ya El Azizia, Libya, nyuzi 58 tarehe 13 Septemba 1922. Mwaka 2012 Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, likaifuta. Wataalamu walioichunguza walitaja mambo kadhaa kwa pamoja: aina ya kipimajoto kilichotumika, msomaji ambaye inaelekea hakuwa na uzoefu nacho, namba zisizolingana na za vituo vya jirani, na pia kwamba kifaa kilikuwa juu ya sakafu inayofanana na lami badala ya udongo wa jangwa lenyewe. Walikadiria kosa linaweza kuwa karibu nyuzi 7. Yaani kilichokuwa chini ya kifaa kilichangia kuivuruga rekodi ya dunia, sembuse ya kwako.

Hatua ya kwanza: zunguka eneo lako siku nzima

Usianze na kununua nguzo. Chukua siku moja ya jua, ikiwezekana ya mapumziko, utoke nje mara nne: asubuhi jua likishachomoza, saa sita au saba mchana, jioni kabla halijazama, na usiku kama saa mbili au saa tatu. Kila ukitoka chora kwenye karatasi vivuli vimelala wapi, upepo unapita wapi na hauingii wapi, na vitu gani vinatoa joto. Hivi vya mwisho ndo vingi kuliko unavyodhani. Kuna kuta, zege, lami, mabati, tenki la maji, gari linapopaki, kile kiboksi cha nje cha kiyoyozi, bomba la moshi la jikoni, jenereta, hata lundo la mawe au matofali. Halafu vipo vya kupoza, kama bustani inayomwagiliwa kila jioni au bwawa.

Raundi ya usiku wengi wanairuka, na kwangu hiyo ndo inafundisha zaidi. Pita na kiganja. Kila kitu ambacho saa tatu usiku bado kinakutumia joto bila kukigusa, kitakutumia na sensa yako.

Kona iliyofungwa pande tatu na kuta ikatae hata kama ni nzuri kwa macho, kwa sababu hewa inakwama pale, mchana inaiva na usiku haipoi. Na chini kabisa kwenye bonde au shimo la bustani nako hewa baridi hutiririka na kutuama usiku, kama maji. Kama nyumba yenu yote iko bondeni hiyo ndo hali halisi ya pale, ipime hivyohivyo, ila usichague kishimo kimoja ndani ya eneo ambalo sehemu nyingine zote ni tambarare.

Hatua ya pili: umbali

WMO wana madaraja matano ya ubora wa sehemu ya kupimia joto. Daraja la 1 vyanzo vya joto vya bandia kama majengo, zege na paki ya magari viwe zaidi ya mita 100 kutoka kwenye kifaa, daraja la 2 mita 30, daraja la 3 mita 10. Daraja la 3 sehemu yenyewe inaweza kukuongezea mashaka ya hadi nyuzi 1, la 4 hadi nyuzi 2, na la 5 hadi nyuzi 5. Soma hiyo ya mwisho tena, nyuzi 5, wakati sensa yenyewe umeinunua kwa sababu boksi limeandikwa inakosea nusu nyuzi tu.

Sasa nani ana mita 100 nyumbani? Wachache sana. Kwa hiyo tunatafuta sehemu yenye kasoro ndogo kuliko nyingine. Kanuni rahisi inayotumika sana ni hii, kaa mbali na kila kizuizi angalau mara nne ya urefu wake wa kwenda juu. Ukuta wa mita 2, kaa mita 8. Nyumba ya mita 4, kaa mita 16.

Tuchukue mfano. Una uwanja wa nyuma wa mita 18 kwa 14. Nyumba ya urefu wa mita 4 imelala upande mmoja wa zile mita 18, upande wa pili unaotazamana nayo kuna ukuta wa uzio wa mita 2, na mbele ya nyumba kuna zege la upana wa mita 3. Ukitaka mara nne ya nyumba unahitaji mita 16 na uwanja wote una 14, haiwezekani. Ukikimbilia ukutani kabisa kuikwepa nyumba, umeingia kwenye joto la ukuta. Tafuta pale ambapo vizuizi vyote viwili viko mbali kwa kiwango sawa kulingana na urefu wao: mita 9 na kidogo kutoka kwenye nyumba, mita 4 na nusu hivi kutoka kwenye uzio. Hapo nyumba iko umbali wa mara mbili na kidogo ya urefu wake, uzio vilevile, na ukingo wa zege uko mita 6. Kwa zile mita 18 simama katikati, 9 kila upande. Sio daraja la 1, ni kama la 4, lakini ukilinganisha na kuifunga kwenye nguzo ya kibaraza tofauti ni kubwa mno. Andika daraja lako kwenye daftari ili siku ukimpa mtu data ajue anapokea nini.

Ikibidi uchague kati ya kuwa karibu na mti na kuwa karibu na zege, mimi naukubali mti, mradi usiwe juu ya kifaa.

Paa je? Watu wanapenda kuweka juu ya paa kwa sababu hakuna watoto wala mbuzi, na upepo upo. Kwa upepo ni sawa, kwa joto hapana. Bati au vigae vikipigwa jua vinapasha hewa inayopanda juu yake na hewa hiyo ndo inaingia kwenye kinga yako, na usiku bati linapoa haraka, kwa hiyo unakosea pande zote mbili.

Hatua ya tatu: urefu na kilicho chini

WMO wanataka sensa iwe kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini. Mimi naweka mita 1.5 mpaka kwenye sensa yenyewe, sio mpaka kwenye kichwa cha nguzo, hapo wengi wanakosea. Pima na futi ukishamaliza kufunga.

Kwa nini urefu una maana hivyo? Kwa sababu hewa haina joto moja kutoka chini kwenda juu. Mchana wa jua kali hewa iliyo sentimita chache juu ya ardhi ni ya moto kuliko ile ya usawa wa kifua, na usiku wa anga safi bila upepo inageuka, ile ya chini inakuwa baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa. Umande na baridi ya kuunguza mimea huanzia chini kabisa. Ukiweka nusu mita na mwenzako kaweka mita 2, hamlinganishi kitu kimoja hata kama sensa zenu zimetoka kiwanda kimoja siku moja.

Chini ya nguzo ziwe nyasi fupi, au ardhi ya kawaida ya eneo lenu. Kwa madaraja mawili ya juu nyasi zisizidi sentimita 10. Kama kwenu ni mchanga mtupu na nyasi hazioti basi ni mchanga, usilete zulia la nyasi za plastiki, lile juani linachemka. Na usimwage zege pana kuzunguka mguu wa nguzo kwa ajili ya usafi, zege la kushikilia nguzo liishie chini ya udongo na juu yake urudishe nyasi. Kumwagilia kukitokea kuwe mbali, maji yakirukia kwenye kinga yatakauka na yakikauka yanachukua joto, sensa inashuka bila hewa kushuka.

Hatua ya nne: kinga, na hapa usiharakishe

Nikiulizwa nitumie hela kwenye sensa bora au kinga bora, jibu langu kila siku ni kinga. Sensa ya nyuzi 0.2 ndani ya kinga mbovu inakupa kosa la nyuzi 3 kwa usahihi mkubwa.

Kinga ina kazi tatu zinazogombana. Izuie jua la moja kwa moja na lile linalorudishwa na ardhi kutoka chini, izuie mvua, na wakati huohuo iruhusu hewa ipite bila kizuizi. Ukifunga sana ili jua lisiingie, hewa inakwama. Ukifungua sana hewa ipite, jua la asubuhi lililo chini linapenya.

Ile ya kizamani ambayo mpaka leo inaheshimika ni kisanduku cha Stevenson, kimepewa jina la Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Scotland aliyeishi 1818 hadi 1887, baba yake yule mwandishi Robert Louis Stevenson. Ni sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeupe, kuta zake ni vibao vilivyolazwa mshazari safu mbili kama madirisha ya luva, paa lake ni mara mbili na katikati hewa inapita. Mlango unatazama kaskazini kwa walio kaskazini ya dunia na kusini kwa walio kusini, ili ukiufungua kusoma jua lisipige vipimajoto. Kwenye ukanda wa tropiki jua la mchana linahama, miezi mingine liko kaskazini yako na mingine kusini, kwa hiyo huko sanduku linawekewa milango miwili, unafungua ule ambao jua haliko.

Za kisasa ni zile za sahani nyeupe zilizopangwa moja juu ya nyingine kama rundo la visahani, katikati kuna nafasi ya sensa. Zinafanya kazi vizuri upepo ukiwepo. Siku ya jua kali bila upepo ndo zinapoteleza, hewa ndani inasimama na inasoma juu. Dawa yake ni kinga yenye feni, feni ndogo inavuta hewa kupita kwenye sensa muda wote, na kwa kweli ukiweza kumudu usisite. Hakikisha tu feni inavuta hewa kuanzia kwenye sensa kwenda kwenye mota, isiwe mota inapuliza joto lake kwenye sensa, na ujue feni ikifa kimyakimya kinga nyingi za aina hiyo zinakuwa mbaya kuliko zile za kawaida, kwa hiyo iangalie.

Ukitaka kujitengenezea inawezekana kabisa. Chukua visahani vyeupe vya plastiki, vile vya kuweka chini ya vyungu vya maua, kama nane hadi kumi. Toboa tundu kubwa katikati kwa vyote isipokuwa viwili vya juu, vigeuze kifudifudi, vipitishie vyuma vitatu vyembamba vya nati pembeni, na kati ya kisahani na kisahani weka vipande vya paipu vya sentimita moja na nusu au mbili kuviachanisha. Ukingo wa kisahani cha juu ushuke kiasi kwamba ukitazama kwa usawa huoni sensa. Kabla hujaunganisha, inua kisahani kimoja juani na weka vidole nyuma yake. Ukiona kivuli cha vidole vyako kinapita, plastiki hiyo inapitisha jua, ipake rangi nyeupe tabaka mbili au utafute nzito zaidi. Hili nimeliona kwa macho, kinga mbili zinazofanana kwa umbo, moja plastiki nyembamba moja nzito, na mchana ile nyembamba haikuacha kusoma juu.

Sensa ikae katikati ya kinga, isiguse sahani yoyote. Kama unatumia vibao vya elektroniki kama ESP32, kibao kikae nje ya kinga kwenye kiboksi chake chini, kwa sababu chenyewe kinatoa joto, na ukikiweka ndani unapima joto la elektroniki yako. Sensa ya BME280 iliyobanwa pamoja na redio kwenye kibao kimoja karibu kila mara inasoma juu kidogo kwa sababu hiyohiyo. Sensa ya DS18B20 ya waya inakosea hadi nusu nyuzi, ya SHT31 kwa kawaida kama 0.2, zote zinatosha kabisa kwa nyumbani kama kinga iko sawa.

Kuhusu kivuli. Wengi wanatafuta kivuli cha mti au cha nyumba wakidhani wamefanya la maana. Kama una kinga nzuri, weka sehemu ya wazi, juani kabisa. Vituo rasmi viko juani. Kivuli cha mti kinazuia upepo, usiku majani yanazuia ardhi kupoza joto lake angani, kwa hiyo mchana unasoma chini na usiku unasoma juu, grafu yako inakuwa imebanwa pande zote. Kivuli ni cha mtu ambaye hana kinga kabisa, na huyo namwambia aweke upande wa nyumba usiopigwa jua, aiachanishe na ukuta kwa kibao kirefu kadiri anavyoweza, na ukanda wa tropiki akumbuke ule upande wa kivuli wa leo baada ya miezi kadhaa utakuwa wa jua.

Hatua ya tano: kufunga

Nguzo ya paipu ya chuma au mbao iliyonyooka inatosha, ichimbie kama nusu mita au zaidi kulingana na udongo wenu, jaza, shindilia, acha zege likauke kabla ya kuning'iniza kitu. Ipake rangi nyeupe. Kinga iwe imesogea mbele ya nguzo kwa mkono mfupi, isikumbatiwe na paipu, maana nguzo nayo inapata moto.

Waya ukiutoa kwenye kinga ushushe chini kwanza utengeneze kitanzi kabla ya kupanda au kuingia kwenye boksi, maji ya mvua yatadondokea kwenye kile kitanzi badala ya kufuata waya mpaka kwenye sensa. Kama sensa yako ni ya redio, inayotuma namba bila waya, jaribu mawasiliano kabla ya kumwaga zege, weka kifaa pale kwa mkono au juu ya stuli, nenda ndani uone kama skrini inapokea, iache hivyo siku nzima. Kuta nene na mabati yanakula mawimbi. Mawasiliano yakishindwa sogeza ile skrini ya ndani dirishani, usisogeze sensa kuja nyumbani, hiyo ndo njia wengi wanavyorudi ukutani.

Wenye zile stesheni za yote kwa pamoja, joto, mvua na upepo kwenye kichwa kimoja, mna mtihani. Upepo rasmi unapimwa mita 10 juu, joto mita 1.5 hivi, haviwezi kuridhika kwenye nguzo moja. Chagua unachojali. Mkijali joto iwekeni mita 2 na mkubali upepo utasoma chini, au tafuteni sensa ya joto ya ziada mkaiweka peke yake, stesheni nyingi zinakubali ya pili.

Hatua ya sita: ijaribu, usiiamini tu

Kabla ya kuipandisha nguzoni ipime kwenye barafu. Ponda barafu ya maji safi, jaza kikombe kirefu, ongeza maji safi kidogo tu ya kuziba nafasi, koroga, subiri dakika chache, tumbukiza sensa ile ya kuingia majini bila kugusa kikombe, endelea kukoroga. Inatakiwa isome 0. Ikisoma 0.4 andika 0.4. Chumvi isikaribie, inashusha. Sensa isiyoingia majini usiitumbukize, iweke kando ya ile uliyoipima, mbele ya feni chumbani kwa saa moja, ulinganishe.

Ikishapanda, acha wiki mbili kisha kaa na grafu. Hapa ndo penye utamu. Tafuta siku safi na siku ya mawingu mazito uziweke pamoja. Kwenye siku safi ukiona joto linaruka ghafla nyuzi mbili saa mbili na dakika ishirini asubuhi, linakaa hivyo kama dakika arobaini, afu linashuka kidogo kabla ya kuendelea kupanda taratibu, na siku ya mawingu hicho kinundu hakipo, basi jua la chini linapenya kati ya sahani au linarudishwa na kitu. Toka nje saa ileile ukae pale utazame. Mara nyingi ni kioo cha dirisha au bati jipya linalomulika upande ule. Kinundu cha jioni baada ya jua kuzama, joto linagoma kushuka wakati kila kitu kinapoa, huo ni ukuta au zege. Mruko wa ghafla usio na saa maalumu, fikiria kiyoyozi au gari. Mteremko wa ghafla baada ya mvua jua likitoka, sensa imelowa.

Jaribio lingine, mchana wa jua bila upepo peleka feni ya kawaida uwanjani, iweke mita moja na nusu hivi kutoka kwenye kinga, iipulize dakika kumi ukitumia hewa ya palepale nje. Namba ikishuka zaidi ya nusu nyuzi, kinga yako haipitishi hewa vya kutosha.

Halafu linganisha na kituo rasmi kilicho karibu, lakini usitafute zifanane. Kama wao wako mita 100 juu yako, wastani wao utakuwa chini kama nyuzi 0.65. Linganisha siku za mawingu zenye upepo, hapo jua na kuta havina nguvu, tofauti yenu iwe ndogo na isiyobadilikabadilika. Siku hizo mkikubaliana, afu siku za jua unawapita nyuzi 3 mchana, kosa liko kwenye sehemu au kinga yako na sio kwenye sensa.

Hatua ya saba: kuitunza, na siku ya kuihamisha

Kila mwezi fungua kinga utazame. Nyigu wanapenda sana mle ndani, wanajenga viota vya udongo katikati ya sahani, na buibui wanafunga nafasi zote kwa utando, hewa haipiti tena. Nenda asubuhi mapema na brashi, nyigu wakiwa bado wamepoa. Osha sahani kwa maji na sabuni, zikianza kuwa za njano pakaa rangi au badilisha, kwa sababu njano na vumbi vinakula jua. Kata nyasi. Kila baada ya miezi mitatu rudia ile raundi ya kiganja na vivuli, jua linakuwa limehama na mti umekua, na huenda kuna mtu kapaki gari kila siku pale palipokuwa wazi.

Piga picha nne kutoka kwenye nguzo kuelekea kaskazini, mashariki, kusini na magharibi, andika tarehe, rudia kila mwaka. Baada ya miaka mitano ukiona usiku wako unazidi kuwa na joto utajua kama ni hali ya hewa au ni ule ukuta mpya wa jirani.

Na ukilazimika kuhama, usihamishe siku moja. Weka sensa ya pili sehemu mpya, ziache zote mbili zisome pamoja wiki kadhaa, za jua na za mawingu, uandike tofauti ya mchana peke yake na ya usiku peke yake. Ndipo ung'oe ya zamani.